Vepu ya Mekanika na Koili ya Kwanza: Anza na Hesabu, Waya Baadaye

Vepu ya mekanika, yaani sigara ya kielektroniki isiyo na saketi ya kudhibiti umeme, ni rahisi kuielewa kuliko vepu nyingine yoyote. Ni mrija wa chuma wenye betri moja ndani, kitufe chini, na juu yake atomaiza, yaani sehemu inayogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke, yenye koili (waya uliozungushwa) na pamba. Haina saketi, haina kioo cha kuonyesha wati, wala hakuna chochote ndani yake kinachopima jambo lolote. Ukibonyeza kitufe, umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye koili na kurudi kupitia ukuta wa mrija, na ukubwa wa mkondo huo huamuliwa na mambo mawili tu: volti zilizomo kwenye betri wakati huo na ukinzani wa koili uliyoifunga mwenyewe. Vepu yenye saketi hukataa kuwaka koili ikipiga shoti, hujizima betri ikishuka mno, na hukata umeme joto likizidi. Katika mekanika kazi zote hizo ni zako, nawe huwezi kuzifanya kwa kukisia. Kwa sababu hiyo nitakaa kwanza kwenye betri na hesabu, kisha ndipo tushike waya.

Hatari ninayoisemea si ya kufikirika. Mwezi Mei 2018 mtu mmoja alifariki nyumbani kwake katika jimbo la Florida, Marekani, baada ya vepu kumlipukia usoni, na Januari 2019 kijana mwingine alifariki Texas baada ya kipande cha vepu iliyolipuka kukata mshipa mkubwa wa damu shingoni. Niseme pia kwamba mwongozo huu unamhusu mtu mzima ambaye tayari anatumia nikotini na ameshazoea vepu yenye saketi. Asiyevuta asianze kwa sababu ya kifaa hiki, kwani nikotini ni uraibu, na anayeanza kuvepu leo ajifunze kufunga koili kwenye kifaa chenye kinga kwa miezi kadhaa kabla ya kugusa mekanika.

Betri

Betri inayotumika zaidi ni ya lithiamu aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Wengi huitazama kwa idadi ya mAh, wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini mAh hueleza tu itadumu muda gani. Namba ya kutafuta ni ampea inazoweza kutoa mfululizo bila kupata joto la hatari. Samsung 25R ina 2,500 mAh na hutoa ampea 20 mfululizo; LG HG2 ina 3,000 mAh na ampea 20; Samsung 30Q nayo ina 3,000 mAh lakini ampea zake ni 15. Utaona kwamba betri mbili zenye mAh sawa zinaweza kutofautiana ampea, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha koili salama na koili ya hatari. Ukikuta 18650 iliyoandikwa 5,000 mAh au 9,900 mAh, iache hapo hapo, kwa kuwa maandishi hayo ni ya uongo. Jihadhari vilevile na namba ya ampea 40 iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye gamba la rangi. Mara nyingi hiyo ni ampea ya mpigo wa sekunde chache, au imeandikwa tu ili betri iuzike.

Kuna jambo moja la betri ambalo wengi hawalijui mpaka waonyeshwe. Upande hasi wa betri si kitako chake peke yake. Mwili wote wa chuma, kutoka chini mpaka ukingo wa juu unaoizunguka ncha chanya, ni hasi. Kinachozuia hasi hiyo isiguse chochote ni gamba jembamba la plastiki pamoja na pete ndogo ya kuhami iliyozunguka ncha chanya. Gamba likichanika ndani ya mrija wa chuma, ambao nao ni njia ya umeme, kinga uliyokuwa nayo imetoweka. Niliwahi kuitoa betri yangu baada ya kuhisi mrija una uvuguvugu usio wa kawaida kiganjani, nikakuta kwenye ukingo wa juu mchaniko mdogo kama punje ya mchele. Tangu siku hiyo kila betri naizungusha chini ya taa kabla ya kuiingiza, na gamba likiwa na dosari yoyote nalibadilisha kwa gamba jipya la kusinyaa kwa joto. Usiweke betri tupu mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Kikasha cha plastiki ndicho mahali pake.

Hesabu

Sheria ya Omu ndiyo saketi yako. Mkondo ni volti ukigawanya kwa ukinzani, na nguvu ni volti ukizidisha kwa mkondo. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na hesabu yote ifanywe kwa volti hizo, kwa sababu betri iliyotoka kwenye chaja huanza hapo hata kama baadaye itashuka. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4 na kutoa takriban wati 35. Koili ya omu 0.3 itavuta ampea 14, ambazo kwa betri ya ampea 15 zimekwisha kukaribia ukingo. Koili ya omu 0.2 itavuta ampea 21, na hapo hata betri ya ampea 20 imezidiwa. Angalia jinsi hatua ndogo kutoka 0.3 hadi 0.2, ambayo kwa macho ni kupunguza mizunguko michache tu ya waya, inavyoongeza ampea 7 kwa mkupuo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kukaa kati ya omu 0.42 na 0.8 kwa betri ya ampea 20, na kuifanya nusu ya uwezo wa betri kuwa kikomo chako. Betri huchakaa, vipimo hukosea kidogo, na skrubu hulegea, kwa hiyo nafasi hiyo ya akiba utaihitaji. Vifaa vya betri mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine viache kabisa kwa sasa: volti huwa 8.4, na koili ile ile ya omu 0.5 huvuta ampea 16.8 na kutoa wati zaidi ya 140.

Kwa hesabu hii unahitaji kipima ukinzani, kifaa kidogo cha kufungia atomaiza chenye kuonyesha omu mpaka desimali mbili. Usiyekuwa nacho usifunge koili ya mekanika. Sioni njia ya kulegeza sharti hili.

Mrija na atomaiza

Chagua mrija wenye matundu ya kutolea gesi karibu na kitufe, wenye kufuli la kuzuia kitufe kisibonyee chenyewe, na wenye pini yake ya kati iliyohamiwa juu. Ipo mirija isiyo na pini hiyo, ambayo betri hugusana moja kwa moja na pini ya atomaiza. Wanaoipenda husema umeme haupotei njiani, na ni kweli, lakini pini ya atomaiza isipochomoza wazi kupita hesi zake, hesi hizo zitakalia ukingo wa betri, chanya na hasi zitakutana, na betri itapiga shoti papo hapo. Atomaiza nyingi zina pini fupi au pini inayorudi ndani ikisukumwa. Mrija wa namna hii usiwe wa kwanza kwako.

Chuma cha mrija nacho kina maana yake. Shaba nyekundu hupitisha umeme vizuri lakini huchujuka rangi upesi. Shaba ya njano hufuata. Chuma kisichoshika kutu hakipitishi vizuri hivyo ila hakisumbui kukitunza.

Kufunga koili

Kwa koili ya kwanza tumia waya wa Kanthal A1 geji 26, wenye unene wa takriban milimita 0.4. Ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, ni mgumu kiasi cha kushika umbo, na ukinzani wake haubadiliki sana unapopata joto. Nikromu 80 huwaka haraka zaidi na ukinzani wake ni mdogo kwa urefu ule ule, hivyo usihamishe idadi ya mizunguko kutoka waya mmoja kwenda mwingine bila kupima upya. Waya wa nikeli tupu au titani haufai kwenye mekanika. Huo ni wa vifaa vinavyodhibiti joto.

Kata waya wa sentimita 12 hivi. Shika fimbo ya chuma ya milimita 3, hata shina la bisibisi ndogo lenye kipenyo hicho linafaa, uibane ncha ya waya kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kisha uuzungushe waya kwa mkono wa kulia huku ukiuvuta bila kulegeza. Kila mzunguko ukae ukigusa mwenzake. Ukilegeza mvuto hata kidogo waya hurudi nyuma kama spiringi na mizunguko hupanuka, nawe itabidi uanze upya. Mizunguko 6, pamoja na miguu ya milimita 5 kila upande, hutumia waya wa takriban sentimita 7.4, na koili hiyo itasoma kama omu 0.83. Koili mbili za namna hiyo zikifungwa sambamba kwenye atomaiza moja, ukinzani hugawanyika nusu na kuwa kama omu 0.42, yaani ampea 10 kwenye betri iliyojaa. Huo ndio ujenzi ninaoupendekeza.

Ingiza miguu kwenye vishimo vya nguzo za atomaiza zinazopitisha umeme, huku fimbo ikiwa bado ndani ya koili, kaza skrubu kwa nguvu ya kutosha bila kuukata waya, na iache koili ikielea karibu na tundu la hewa pasipo kugusa kitako wala nguzo. Mabaki ya miguu yakatwe mpaka yalingane na skrubu, kwa kuwa kipande kinachochomoza kikigusa kifuniko cha atomaiza ni shoti. Sasa pima. Namba ikirukaruka, kuna skrubu iliyolegea. Ikiwa chini sana ya hesabu, kuna kitu kinagusa mahali kisipotakiwa.

Kuiwasha koili kavu kwa mara ya kwanza kusifanywe kwenye mekanika. Tumia vepu yenye saketi kwa wati ndogo, 15 hivi. Bonyeza kwa sekunde moja, achia, tazama. Mara ya kwanza mizunguko huwaka ovyo, mmoja ukiwa mwekundu na mwingine mweusi. Achia kitufe, kisha ukiwa umeachia ubane koili taratibu kwa kibanio chenye ncha za kauri, na urudie. Baada ya mara tano au sita utaona wekundu unaanzia katikati na kusambaa kwenda pembeni kwa pamoja, mfano wa kaa la mkaa linapopulizwa, na koili mbili zikiwaka kwa wakati mmoja. Mguu ukiwaka kabla ya katikati, rudi kwenye skrubu.

Pamba, kimiminika na matumizi

Pamba isiyotiwa dawa wala rangi isokotwe kidogo nchani na kupitishwa ndani ya koili. Ipite kwa kukwama kidogo tu bila kuiburuta koili. Ikizidi kubana, kimiminika hakifiki na utavuta moshi wa pamba iliyoungua. Ikipwaya, kimiminika kitatapakaa na kutema matone ya moto mdomoni. Mikia ikatwe ifike sakafuni mwa atomaiza, ichambuliwe, isishindiliwe. Ilowanishe yote kabla ya kuwasha, kwa maana pamba kavu juu ya koili nyekundu hushika moto.

Kwa koili za omu hizi kimiminika chenye glisirini nyingi, kama asilimia 70, na nikotini ya miligramu 3 kwa mililita kinatosha. Nikotini chumvi (aina ya nikotini iliyo laini kooni) ya miligramu 20 na zaidi ni ya vifaa vidogo, na kwenye mvuke mwingi kama huu itakuzidi haraka. Usitie kamwe mafuta ya aina yoyote, na chupa zikae mbali na watoto, kwa kuwa nikotini iliyonywewa ni sumu.

Bonyeza kwa sekunde tatu au nne, usizidishe. Kitufe au mrija ukipata moto, acha, toa betri, tafuta sababu. Ikiwa betri imeshaanza kuchemka au kutoa mvuke, usijaribu kuifungua. Itupe nje juu ya ardhi tupu, kaa mbali na usivute moshi wake. Kifaa kisipotumika, kufuli liwe limefungwa.

Betri ikishuka hadi volti 3.5, koili ya omu 0.42 hutoa kama wati 29 badala ya 42 za mwanzo, na utasikia mvuke umepungua. Hiyo ndiyo ishara pekee ambayo kifaa kitakupa, basi badilisha betri wakati huo, uthibitishe kwa multimita mpaka mkono wako uzoee. Hesi na sehemu za mgusano zifutwe kwa spiriti kila wiki, kwa sababu uchafu hapo hugeuza umeme kuwa joto mahali pasipofaa. Pamba ibadilishwe kila ladha inapobadilika. Koili yenyewe, ukiichoma kavu kwenye vepu yenye saketi na kuisuuza ikishapoa, hudumu wiki nyingi. Kila unaporudishia pamba mpya, kaza skrubu na upime omu tena kabla atomaiza haijarudi kwenye mrija, hata kama namba ya jana unaikumbuka.