Simu isizime mlimani Elgon

Ukipanda Elgon kutoka Budadiri, Uganda, kwa njia iitwayo Sasa, utalala kambi ya Mude Cave, takriban mita 3,500. Alfajiri simu yenye nusu chaji huweza kuzima ghafla. Betri haijafa, ni baridi tu imeipunguzia nguvu. Mimi simu na pawabanki huvitia ndani ya soksi kavu (safi, tafadhali), nikalala navyo ndani ya mfuko wa kulalia, usawa wa tumbo. Ikizima, ipashe kwapani kabla ya kuiwasha. Usiisogeze motoni. Wala usiichaji ikiwa ya barafu: kuchaji chini ya nyuzi sifuri huiharibu betri ya lithiamu, na haiponi. Zima data pia. Tochi ya kichwani geuza betri moja, isijiwashe begini.