Momenti ya inesha: fimbo, mawe mawili na makopo ya nyanya

Wanafunzi wa mwaka wa sita wanaojitayarisha kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, huniletea daftari zenye jedwali lile lile: diski ½MR², pete MR², tufe 2/5 MR², fimbo 1/12 ML² (M ni masi, R nusu kipenyo, L urefu). Wamelikariri kama majina ya mitume. Nikiuliza, “Mhimili umepita wapi?”, yaani ule mstari ambao kitu kinauzunguka, wote kimya. Basi leo jedwali tunaliweka kando kwanza. Mengi ya somo hili unaweza kuyasikia kwenye kiganja kabla hujashika kalamu.

Hatua ya 1. Fimbo na mawe mawili

Tafuta mti wa fagio wenye urefu wa mita moja hivi, kamba, na mawe mawili. Mawe hapa Goma hayatafutwi, volkano ilishatuletea. Lakini lile jiwe la lava lenye matundu linadanganya macho, ni jepesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo mwombe mama anayeuza viazi akupimie: kilo 1 na kilo 1.

Funga mawe sentimita 20 kila upande kutoka katikati. Shika fimbo katikati, ilaze, kisha izungushe kwa kifundo cha mkono huku na huku, haraka haraka. Sasa sogeza mawe mpaka sentimita 40 na urudie. Mkono utakataa. Ukiiweka kwenye mzani, fimbo ni ile ile, haijaongezeka hata gramu.

Hesabu yake: kwa kila kipande chukua masi, zidisha kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, umbali huo ukiwa umeinuliwa kipeo cha pili, kisha jumlisha vipande vyote. Fimbo yenyewe tuisamehe kwa sasa.

Mawe yakiwa karibu: 1 × 0,2² + 1 × 0,2² = 0,08 kg·m².
Mawe yakiwa mbali: 1 × 0,4² + 1 × 0,4² = 0,32 kg·m².

Umbali umekuwa mara mbili, ukaidi umekuwa mara nne. Ukaidi huo wa kitu kukataa kuanza kuzunguka, au kukataa kusimama kikishaanza, ndio momenti ya inesha. Ile “moment d'inertie” ya kitabuni ni hiyo hiyo. Jina hilo lilitoka kwa Euler, mwaka 1765.

Hatua ya 2. Sheria ya Newton ikivaa nguo nyingine

Kwenye mwendo wa kunyooka ulijifunza F = ma. Kwenye mzunguko, nguvu inaachia nafasi nguvu ya kuzungusha (τ), masi inaiachia momenti ya inesha (I), na mchapuko unauachia mchapuko wa mzunguko (α): τ = Iα. Nguvu ya kuzungusha ni nguvu mara umbali wake kutoka kwenye mhimili, ndiyo sababu fundi akishindwa na nati huvisha spana kipande cha bomba. Hapa sikai, wengi mnaelewa.

Hatua ya 3. Swali la kwanza ni mhimili

Kitu kimoja hakina momenti moja ya inesha. Kina moja kwa kila mhimili utakaouchagua. Chukua fimbo ya mita 1,2 yenye kilo 0,6.

Ukiizungusha kwa kuishika katikati: 1/12 × 0,6 × 1,44 = 0,072.
Ukiishika mwishoni, kama mtoto anayechapa nyasi: 1/3 × 0,6 × 1,44 = 0,288.

Mara nne tena. Na huna haja ya kukariri ile 1/3. Vitabu vyetu vya Kifaransa vina kanuni ya Huygens, yule Mholanzi wa saa za pendulamu: anza na momenti ya mhimili unaopita kwenye kitovu cha masi (pale ambapo kitu kinasawazika), kisha ongeza masi yote mara kipeo cha pili cha umbali kati ya mihimili miwili. Kitovu kiko mita 0,6 kutoka mwisho, basi 0,072 + 0,6 × 0,36 = 0,288. Sharti ni hilo la kuanzia kwenye kitovu cha masi na mihimili iwe sambamba. Mwanafunzi anayeanzia mwishoni na kuongeza tena, hupata jibu kubwa kisha ananiuliza kosa liko wapi.

Hatua ya 4. Mbio za makopo

Hapa ndipo ninapopenda somo hili. Tafuta makopo mawili ya nyanya yanayolingana. La kwanza toa vifuniko vya pande zote mbili ubaki na pete tupu (kingo zake zinakata, zipige kwa jiwe kwanza). La pili lijaze mchanga wa lava hadi juu kabisa, ushindilie, ufunike kwa nguvu. Chukua ubao wa mita 2, inua upande mmoja sentimita 20. Kabla hujaachia, waulize walio nyumbani nani atashinda. Kwetu nusu husema lile zito, nusu husema lile tupu kwa kuwa ni jepesi.

Linashinda la mchanga. Lakini si kwa uzito wake, na hapo ndipo watu hubishana mpaka chai inapoa. Kopo likiteremka, nishati ya kimo inagawanywa mara mbili: sehemu inalisogeza mbele, sehemu inalizungusha. Pete, ambayo masi yake yote iko ukingoni, inagawa nusu kwa nusu. Silinda iliyojaa inatoa theluthi mbili kwa mwendo wa mbele na theluthi moja tu kwa mzunguko. Ukiandika hesabu:

a = g sinθ ÷ (1 + I/MR²)

Hapa a ni mchapuko wa kopo, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, θ ni pembe ya mwinamo wa ubao. Weka I ya pete, yaani MR²: M na R zinafutika, inabaki g sinθ ÷ 2. Weka ya silinda: inabaki theluthi mbili za g sinθ. Kopo kubwa, kopo dogo, zito, jepesi, yote mamoja, mradi yawe na umbo moja na yasiteleze. Kwa ubao wetu sinθ ni 0,1, hivyo lililojaa litatumia sekunde 2,5 hivi na pete sekunde 2,9 hivi. Saa ya simu inatosha kuiona tofauti hiyo, ila rudia mara tano maana kidole huchelewa.

Maulizo

*Mwanafunzi wa Ndosho:* Mwalimu, niko na ulizo. Mimi nilijaza mchanga nusu kopo, halikuteremka vizuri, lilisimama katikati ya ubao. Hesabu imekufa?

Hesabu iko salama, mdogo wangu, kopo lako ndilo si kitu kigumu. Mchanga wa nusu kopo unabaki chini na kuporomoka ndani kila kopo linapojaribu kugeuka, na msuguano wa punje unakula nishati yote. Kanuni zetu zinahusu kitu ambacho sehemu zake hazisogei zenyewe kwa zenyewe. Jaza hadi juu, shindilia.

*Dada wa Himbi:* Nimepata nishati ya gurudumu kubwa kupita kiasi. Nimeweka ½Iω² na mizunguko 120 kwa dakika.

Umeweka 120 mahali pa ω, dada. ω, yaani kasi ya mzunguko, inataka radiani kwa sekunde. Mizunguko 120 kwa dakika ni 2 kwa sekunde, kila mzunguko ni 2π, unapata 12,57. Kwa kuwa ω iko kwenye kipeo cha pili, jibu lako limekuzwa mara 91 hivi.

*Mwanafunzi wa Katindo:* Kaka yangu alileta kopo la tatu, la maji, akalifunga vizuri. Limeshinda la mchanga! Si yote ni silinda zilizojaa?

Mpe kaka yako soda. Maji hayakubali kuzungushwa mara moja pamoja na bati: kopo linageuka, maji ndani karibu yanateleza tu mbele bila kuzunguka. Kinachozungushwa ni bati na utando mwembamba wa maji ulioligusa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati inabaki kwa mwendo wa mbele. Kitu kinachoteleza bila msuguano wowote kingetumia sekunde 2,0 kwenye ubao ule, nalo kopo la maji linaingia kati ya hapo na lile la mchanga. Jaribu na asali au mafuta mazito uone.

*Fundi wa chukudu, Majengo:* Mwalimu, mimi shule niliacha zamani. Nachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Nikitoboa matundu kwenye magurudumu ili yawe mepesi, kijana atapanda kwa urahisi akitoka na viazi?

Papa, swali lako ni gumu kuliko ya hawa wote. Tuseme kila gurudumu lina kilo 4 na chukudu nzima na mzigo ni kilo 300. Gurudumu la mbao lililojaa, likibingirika, linajifanya lina nusu ya masi yake zaidi, yaani kilo 2. Mawili ni kilo 4. Wakati wa kuanza kusukuma, kijana anapambana na kilo 304 badala ya 300. Ukitoa kilo nzima ya mbao, hata ukiitoa yote pembezoni, umempunguzia kama kilo 2 tu, na gurudumu umelidhoofisha kwenye barabara hizi za mawe. Akishashika mwendo sawa kwenye kilima, inesha haimsumbui tena: anabeba uzito na msuguano. Tazama kwanza beringi na grisi. Halafu geuza chukudu juu chini, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono, uone kama ukingo wake unapanda na kushuka. Kama si duara, hilo ndilo la kurudisha kwenye panga.