Namna ya Kuendesha Kipindi cha Mchezo Unaoongozwa na Watoto

Mwalimu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, mjini Kisumu anayetaka watoto wajifunze kwa kucheza hana haja ya kuanza kwa kununua vifaa. Na aanze kwa kupanga muda. Mtoto wa miaka minne huchagua kitu, akakigeuzageuza, akakiacha, kisha akakirudia, na kipindi kikikatwa mapema mchezo hufa kabla haujakolea. Tenga angalau dakika 45 mfululizo asubuhi, kabla jua halijawachosha. Darasa likiwa na watoto wengi, nusu yao wacheze nje chini ya mti.

Vifaa vipo karibu: magunzi ya mahindi, vizibo vya soda, udongo wa kufinyanga, leso kuukuu, na mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa soko la Kibuye, yakiisha kupigwa msasa. Viweke mahali ambapo mtoto atavifikia bila kuomba. Ikiwa wamo watoto walio chini ya miaka mitatu, ondoa vizibo na mbegu, kwani vinaweza kuwakaba koo.

Kisha nyamaza utazame. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tuseme mtoto ameanzisha duka la samaki, akapanga vizibo mafungu ya vitatu vitatu. Mwalimu mwenye haraka atamwamrisha ahesabu moja hadi kumi, na papo hapo mchezo utageuka kuwa mtihani. Afadhali uingie kama mteja: "Mama, nyumbani tuko wanne na kila mtu anataka samaki wake, fungu hili litatutosha?" Sasa ana sababu yake mwenyewe ya kuhesabu, kuongeza na kupatana bei. Akijibu kwa Dholuo, mwache ajibu, kwa maana fikra zake zinakwenda kwa lugha hiyo. Ukishajibiwa, lipa uondoke. Ukikawia, duka litakuwa lako.

Baada ya kipindi, andika sentensi moja au mbili kuhusu ulichokiona kwa watoto wachache, si wote kwa siku moja. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuelekeza cha kuongeza kesho: kwa wauza samaki, labda mizani ya kijiti na vikopo viwili, au karatasi na penseli za kuandikia bei.

Wazazi wengine watauliza kwa nini daftari ni tupu, nao wana haki ya kujibiwa kwa heshima. Waeleze kwamba kukanda udongo huimarisha vidole vitakavyoshika penseli, na kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kuwa haki katika kifungu cha 31. Zaidi ya hayo, msomee mzazi yale uliyoandika kuhusu mwanawe, kisha umwalike aketi darasani kipindi kizima, akiwa ameombwa mapema asimwelekeze mtoto yeyote.