Namna ya Kuandaa Mpango wa Nishati wa Kaunti kwa Programu ya LEAP

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti nchini Kenya iandae mpango wake wa nishati, na kwa afisa wa Kisumu au Nakuru anayeanza kazi hiyo, ningependekeza LEAP, programu ya kompyuta ya kukadiria matumizi na uzalishaji wa nishati, iliyotengenezwa na Stockholm Environment Institute.

Anza na mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao takwimu zake halisi ndizo mwanzo wa hesabu zote, wala usiguse makadirio ya mwaka 2040 kabla haujakamilika. Katika mti wa data, yaani orodha ya matawi ndani ya LEAP, fungua tawi la kaya, uligawe katika mjini na mashambani, kisha uingize mapishi, mwanga na vifaa vya umeme. Kwenye mapishi ndipo makosa huingia kwa urahisi. Sensa ya 2019 iliuliza nishati kuu ya kupikia, ilhali mama wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, huchemsha chai ya asubuhi kwa mtungi wa gesi, na jioni akabandika maharagwe kwenye jiko la makaa. Ukitumia kipimo cha mgawo, ambacho ni lazima kijumlishe asilimia 100, jiko lake la pili litapotea. Tumia kipimo cha uenezi, kinachoruhusu kaya moja kuhesabiwa kwenye nishati mbili, kisha upite nyumba kadhaa ukiwa na mizani, upime makaa yanayotumika kwa wiki. Kazi hii huchosha, lakini hakuna hesabu ya ofisini inayoweza kushika nafasi yake.

Upande wa umeme, usichukulie uwezo wa mtambo kuwa ndio uzalishaji wake. Sondu Miriu, mtambo wa umeme wa maji, ina megawati 60, na kama ingezalisha kwa nguvu zote saa 8,760 za mwaka ingetoa takribani gigawati-saa 526, jambo lisilowezekana kwa kuwa hutegemea mto unaopungua wakati wa kiangazi, tofauti na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Kwa hiyo gawanya mwaka kwa misimu na saa, ukitenga saa za jioni, kwani umeme wa jua hauwezi kuwasha taa saa mbili usiku pasipo betri. Kumbuka pia kwamba gridi ni ya taifa zima; Kisumu haitumii umeme wa Sondu peke yake.

Ndipo ujenge njia mbadala, yaani picha tofauti za hali ya nishati ya kaunti siku zijazo, ukibadilisha jambo moja kwa kila njia. Kabla ya kuwapelekea wawakilishi wa wadi matokeo, pandisha bei ya gesi kwa asilimia 20, kisha uishushe kwa kiasi hicho hicho; iwapo njia iliyokuwa nafuu inageuka kuwa ghali, liandike jambo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.