Vitufe maalumu vya laptopu visipoitika kwenye Linux

Umebonyeza Fn pamoja na kitufe cha mwangaza, skrini imebaki vilevile. Kabla hujagusa mpangilio wowote, tafuta ishara inapotelea wapi: kwenye maunzi, kwenye kiendeshi kilicho ndani ya kerneli (kiini cha Linux kinachosimamia maunzi), au kwenye eneo-kazi lako. Dawa ya ngazi moja haiponyi nyingine.

Hatua ya 1: sikiliza kila kifaa

Sakinisha `evtest`, programu inayoonyesha ishara za vitufe, kisha endesha:

`sudo evtest`

Utaletewa orodha ya vifaa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima: wanachagua "AT Translated Set 2 keyboard", hawaoni kitu, wanaamini kitufe kimekufa. Vitufe maalumu vingi havipiti huko. Vya mwangaza mara nyingi hutokea kwenye "Video Bus", vingine kwenye "ThinkPad Extra Buttons" au "Asus WMI hotkeys", kwa kuwa hutumwa kupitia ACPI, njia ambayo programu dhibiti ya laptopu huwasiliana na kerneli. Jaribu kimoja kimoja. Fn peke yake isipoonyesha chochote usiwe na wasiwasi, maana mara nyingi hushughulikiwa na maunzi yenyewe.

Hatua ya 2: soma jibu

Ukiona `KEY_BRIGHTNESSUP`, kiendeshi cha kibodi hakina kosa. Hamia kwenye taa ya skrini: angalia `/sys/class/backlight`, na ujaribu kigezo cha kerneli (chaguo ambalo kerneli hupewa kompyuta inapowaka) `acpi_backlight=native`.

Kukiwa kimya kila mahali, fungua `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, ubonyeze tena. Ujumbe "Unknown key pressed" ni habari njema: ishara imefika, imekosa jina tu. Pasipo ujumbe wowote, tumia `lsmod` kuhakikisha moduli ya mtengenezaji imepakiwa, kama `thinkpad_acpi`, `asus_nb_wmi` au `ideapad_laptop`.

Hatua ya 3: kipe kitufe jina

Tuseme ujumbe umetaja `code 0x8d`. Tengeneza faili `/etc/udev/hwdb.d/90-vitufe.hwdb`:

```
evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_8d=prog1
```

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja. Msimbo uandikwe kwa herufi ndogo bila `0x`, na jina la kitufe bila `KEY_`. Kisha:

```
sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger
```

Kitufe kikijirudiarudia kama kimeshikiliwa, maana yake maunzi hayatumi ishara ya kuachiliwa. Weka alama ya mshangao kabla ya jina: `=!prog1`.

Kitufe cha kuzima maikrofoni kina kisa chake, na nimeona kikisumbua watu wengi. `evtest` inakionyesha vizuri, `KEY_MICMUTE`, namba 248, lakini eneo-kazi linalotumia X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha) halisikii. X11 huongeza 8 kwenye kila namba, na kikomo chake ni 255. 248 inakuwa 256, inaanguka nje. Kipe jina `f20` badala yake, kwani X11 huisoma F20 kama kitufe hichohicho cha maikrofoni.

Na kama kitufe chako kilijitokeza kwenye kifaa cha WMI (njia ya watengenezaji iliyojengwa juu ya ACPI), mstari wa `atkbd` hautakigusa hata ukiandika msimbo sahihi. Mstari wa kwanza utaje kifaa chenyewe, kwa jina lilelile uliloliona kwenye `evtest`:

`evdev:name:Asus WMI hotkeys:dmi:*`