Namna ya kupanga bei ya kapu la ukili (kwa mnaoenda kujitolea vijijini)

Juzi kati nilikuwa Bagamoyo na kikundi cha akina mama wasukaji wa ukili (mikanda ya miyaa, yaani majani ya kusukia, inayoshonwa kuwa kapu), mimi na mhasibu mmoja wa kujitolea katoka Uingereza, kazi ambayo tulidhani ni ya asubuhi moja ikala siku mbili. Naandika yasikukute.

Hatua ya 1: Nunua kapu moja kwa bei yao, usipunguziwe. Utalifumua.

Hatua ya 2: Andika vitu vyote vilivyoingia: miyaa, rangi, kuni za kuchemshia rangi, uzi, mikono ya kapu. Miyaa watakwambia ni ya bure wamechuma wenyewe, we andika bei ya fungu kama wangenunua kwa jirani. Na tafadhali Ekseli iache kwenu, nunua kaunta buku ya kwaya mbili, laptopu ikifunguliwa tu nusu ya kikundi inanyamaza na daftari litabaki we ukishaondoka.

Hatua ya 3: Nguvu kazi. Hapa ndo tulipokwama. Mwenzangu anauliza kapu moja linachukua saa ngapi, mama mmoja anasema siku tatu, mwingine wiki, mwingine anacheka tu, maana hakuna anayekaa kitako akasuka mpaka amalize, anasuka wali ukiwa motoni, anasuka njiani anaenda kisimani, anasuka msibani, sasa saa utaikamatia wapi? Tukajaribu kuwawekea saa ya simu, aisee ikawa vichekesho. Jioni ya siku ya pili bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, sisi hatuhesabu saa, tunahesabu pima." Yaani jibu lilikuwa mkononi mwao muda wote!

Kwahiyo fumua kapu, hesabu ukili wake ni pima ngapi. Ila angalia: pima ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa, na bibi mfupi na binti mrefu hawalingani, kwahiyo kateni kamba moja ya kikundi, ikae kwa mweka hazina. Ukili mwembamba una kazi zaidi ya mpana, usiuweke bei moja. Wa rangi nao mbali, mweupe mbali. Usipime uliosukwa leo leo miyaa bado ina maji, subiri ukauke. Na kushona kapu hesabu peke yake, maana mara nyingi msukaji siye mshonaji. Halafu waulize wenyewe, ukisukiwa na mwenzio pima moja unamlipa ngapi? Hiyo bei wanayo, usiwatungie.

Hatua ya 4: Jumlisha. Namba za mfano tu: pima 5 kwa 1,000 ni 5,000, vifaa 3,500, kushona 2,000, nauli ya kupeleka Makumbusho, Dar es Salaam, ukigawa kwa kila kapu 500. Jumla 11,000, na wao walikuwa wanauza 8,000. Hapo nyamaza, waache waione wenyewe kwenye daftari. Faida ya kikundi wapange wao, sisi hatukuingilia.

Hatua ya 5: Ikija oda, shona sampo mbili zinazofanana, moja abaki nayo mnunuzi moja ibaki kijijini, na hela ya miyaa itangulie kabla hamjaanza kusuka.