Kiambatisho kinapokataa kufunguka: namna ya kukitambua na kukisoma

Katika steshenari ninayofanyia kazi hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, halipiti juma bila mtu kufika akisema kuwa ametumiwa barua pepe ya muhimu ambayo kiambatisho chake hakifunguki. Mara huwa ni katibu wa chama cha ushirika aliyekuja kutoka Tukuyu, mara ni mwanafunzi aliyerudishiwa rasimu yake na msimamizi, mara ni mkulima wa parachichi aliyetumiwa mkataba na mnunuzi wa nje ya nchi. Naandika hapa jinsi ninavyolishughulikia jambo hili, kwa kuwa mwenye kompyuta nyumbani kwake anaweza kulimaliza mwenyewe bila kulipa nauli.

Kwanza kabisa, usikimbilie kutafuta programu. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kuandika mtandaoni kwamba anataka kufungua faili fulani, kisha akapakua programu ya kwanza aliyoiona, na kompyuta ikajaa matangazo na virusi huku barua ikiwa bado haijasomeka. Anza kwa kujua faili lenyewe ni la aina gani. Aina huonyeshwa na kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili, lakini Windows huzificha herufi hizo hadi uiambie izionyeshe. Katika Windows 10, fungua folda yoyote, bofya "View", kisha weka alama ya tiki kwenye "File name extensions". Katika Windows 11, baada ya "View" utapitia "Show" ndipo ulione chaguo hilo hilo.

Hatua hiyo ni ya usalama pia. Faili linaloitwa Mkataba.pdf.exe huonekana kama Mkataba.pdf tu pale viendelezi vinapofichwa, kumbe ni programu itakayoanza kufanya kazi mara utakapoibofya. Kiambatisho kinachoishia na exe, scr, bat, js au vbs usikifungue, hata kama kimetoka kwenye anwani ya mtu unayemfahamu, kwa sababu akaunti za watu huibwa. Mpigie simu kwanza umuulize kama ni yeye aliyekituma. Vivyo hivyo, waraka ukikutaka ubofye "Enable Content" ndipo usomeke, ufunge.

Ukishaijua aina, mara nyingi dawa ni moja. Mafaili ya docx, xlsx na pptx yalianza na Office ya mwaka 2007, kwa hiyo kompyuta ya zamani yenye Word 2003 pekee haitayaelewa. LibreOffice, ambayo ni programu ya bure ya kuandikia na kusomea nyaraka, huyafungua hayo, huyafungua ya odt, na hata yale ya Publisher yanayoishia na pub. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, libreoffice.org, wala si kwingineko. Kwa Windows ina uzito wa zaidi ya megabaiti 300, kwa hiyo ni busara kuipakua mara moja penye intaneti nzuri, kisha kuibeba kwenye flashi na kuiweka katika kompyuta zote za ofisi. Mafaili yaliyofungashwa kwa zip, rar au 7z hufunguliwa na programu iitwayo 7-Zip, nayo ni ya bure na ni nyepesi sana, ingawa yale ya zip Windows huyafungua yenyewe.

Yapo pia mafaili yanayotoka kwenye vifaa vya Apple. Siku moja katibu wa kikundi cha wakulima alikuja na mkataba ulioishia na pages, akiwa na muda wa kujibu hadi jioni. Tulitengeneza nakala ya faili, tukabadilisha kiendelezi cha nakala hiyo kutoka pages kuwa zip, tukaifungua kama folda ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na picha iitwayo preview.jpg, na katika picha hiyo ukurasa wa kwanza wote ulisomeka, pamoja na bei kwa kilo aliyokuwa akiitafuta. Kurasa zilizobaki hazikuwemo, ila alijua tayari cha kuuliza. Picha zinazoishia na heic nazo hutoka kwenye iPhone, ambazo zilianza kuutumia muundo huo mwaka 2017. Mwombe mpigaji aende kwenye mipangilio ya kamera achague "Most Compatible", na picha zake zijazo zitakuwa za jpg.

Faili likifika bila kiendelezi chochote, lifungue kwa Notepad utazame herufi za mwanzo tu. Ukiona %PDF, ni PDF. Ukiona Rar!, ni la rar. Ukiona PK, ambazo ni herufi za jina la Phil Katz, mbunifu wa muundo wa zip, basi ni zip au ni waraka wa Office, maana docx nayo kwa ndani ni zip. Lifungue kwa 7-Zip, na ukikuta folda iitwayo word, liongezee kiendelezi cha docx, ukikuta xl, liongezee xlsx. Funga Notepad bila kuhifadhi chochote, kwani ukihifadhi unaweza kuliharibu faili.

Kabla ya kukata tamaa, linganisha ukubwa wa faili ulilopakua na ule ulioandikwa kwenye barua pepe. Mtandao ukikatika katikati, faili hubaki nusu, na hakuna programu itakayolifungua, lipakue upya.

Nawasihi pia msipeleke mikataba na nyaraka zenye namba za akaunti za benki kwenye tovuti zinazobadilisha mafaili bure, kwa kuwa hapo mnamkabidhi mtu msiyemjua siri zenu. Na mkataba uliofunguliwa kwa programu tofauti na ile iliyouandika usiutie sahihi: fonti zikibadilika, mistari na majedwali huhama, na namba inaweza kukaa mbele ya kipengele kisicho chake. Kwa waraka wa namna hiyo mjibu aliyeutuma hivi: "Nimepokea kiambatisho chako, lakini hakifunguki kwenye kompyuta yangu. Tafadhali nitumie upya katika muundo wa PDF, na unieleze kina kurasa ngapi." Waraka ukifika, hesabu kurasa kwanza, ndipo uuchape.